Ndege Mbili za Usiku na Hati Moja ya Uongo

Kutoka Nengo, ufukweni mwa Gisenyi, uwanja wa ndege wa Goma hauko mbali. Mpaka wa Rwanda na Kongo umepita kati ya miji miwili iliyoshikana kiasi kwamba mgeni akiitazama toka mlimani huidhani ni mmoja, na ndege ikitua ng'ambo, ngurumo yake husikika huku. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1994, ndege ya mizigo kutoka Seychelles ilitua Goma. Usiku wa kuamkia tarehe 19, mzigo wa pili ukashushwa. Safari hizo mbili zilileta takriban tani 80 za bunduki, maguruneti na risasi. Kwenye karatasi mnunuzi alikuwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Mzigo haukubaki Zaire. Ulivushwa mpaka ukaingia Gisenyi, mikononi mwa jeshi la serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 17 Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 918, lililopiga marufuku kuiuzia Rwanda silaha. Marufuku hiyo ilikuwa wazi na kila balozi aliisoma. Namna ilivyokiukwa inafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu mbinu yenyewe haijazeeka.

Kanali Théoneste Bagosora, ambaye baadaye mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, alifika Seychelles mwanzoni mwa Juni pamoja na Willem Ehlers, Mwafrika Kusini aliyewahi kuwa katibu wa Rais P. W. Botha, na ambaye sasa alikuwa dalali wa silaha. Seychelles ilikuwa na ghala la silaha ilizozikamata mwaka 1993 katika meli iliyokuwa ikizipeleka Somalia, nchi nyingine iliyowekewa vikwazo. Wageni wale walikuja na hati ya mtumiaji wa mwisho, yaani karatasi ambayo kwayo serikali inayonunua silaha huahidi kwamba ni yenyewe itakayozitumia na hazitapelekwa kwingine. Hati ilisema Zaire. Zaidi ya dola laki tatu zikaingia katika akaunti ya Benki Kuu ya Seychelles iliyoko New York. Fedha za kumlipa dalali zilikuwa zimepita benki moja ya Paris na nyingine ya Uswisi. Mzigo wa tatu haukuondoka, kwa kuwa Seychelles ilisitisha biashara hiyo.

Tunayajua haya kwa sababu Umoja wa Mataifa uliunda tume ya uchunguzi mwaka 1995, na Seychelles ikakubali kufungua majalada yake. Zaire ilikana. Kwa hiyo nchi ndogo ya visiwa iliyofanya kosa kubwa ndiyo iliyotuwezesha kuuona mlolongo mzima, huku nchi kubwa iliyoupitisha mzigo ikatuachia kauli moja ya kukanusha.

Tuitazame hati ile. Kila aliyegusa mzigo alikuwa na karatasi ya kujitetea. Muuzaji aliuza kwa Zaire. Benki ilihamisha fedha za mteja. Rubani alipeleka shehena Goma, na kweli aliifikisha Goma. Ukimhoji mmoja mmoja, kila mtu ametimiza wajibu wake, na mwisho wa yote bunduki ziko Gisenyi. Na tujiulize jambo hili lilikuwa siri kwa nani. Huwezi kushusha tani 80 uwanjani, ukazipakia kwenye malori, ukazipitisha barierani hadi mji wa jirani bila askari, makarani, madereva na wapagazi kujua. Kwa watu wa pande zile mbili haikuwa siri. Ilikuwa siri kwa waliokuwa mbali: kwa mwakilishi aliyekaa New York, kwa mbunge wa Paris, kwa mwandishi wa habari, kwa mtu yeyote mwenye mamlaka ya kusimama na kuuliza. Naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo. Siri ya serikali mara nyingi haimfichi adui kitu, kwa sababu adui ana majasusi wake. Humficha yule mwenye haki ya kuidai serikali hesabu, na gharama yake huja kulipwa na watu wa mpakani ambao hawakufichwa chochote.

Seychelles ilikuwa tawi tu. Shina lilikuwa Paris. Ufaransa ilipeleka askari Rwanda Oktoba 1990, siku chache baada ya waasi wa RPF kuvuka mpaka kutoka Uganda, na operesheni hiyo iliyoitwa Noroît ilidumu hadi Desemba 1993. Wafaransa walielezwa kwamba askari wamekwenda kulinda raia wa Ufaransa. Kumbe huku waliwafundisha askari wa Rais Juvénal Habyarimana, waliwashauri makamanda wake na kulisaidia jeshi lake kujitanua mara kadhaa. Maamuzi yalitoka Ikulu ya Élysée, kwa Rais François Mitterrand na ofisi yake ndogo ya kijeshi iliyoongozwa kuanzia 1991 na Jenerali Christian Quesnot. Bunge halikuwa na nafasi ya maana humo.

Na tusije tukadhani kwamba hawakuonywa. Jenerali Jean Varret, aliyekuwa mkuu wa ushirikiano wa kijeshi wa Ufaransa na nchi za Afrika, alisimulia kwamba alipokutana na Kanali Pierre-Célestin Rwagafilita, mkuu wa jandarmeri ya Rwanda, kanali huyo alimwomba silaha nzito, kisha akamweleza bila kupepesa macho kwamba zilitakiwa ili kuwamaliza Watutsi. Varret aliripoti kwa wakubwa wake. Aliendelea kuonya. Mwaka 1993 akaondolewa kwenye wadhifa wake. Mara kwa mara hatima ya mwonyaji ndani ya serikali ya siri ni hiyo: haambiwi kwamba amesema uongo, anapangiwa kazi nyingine. Nje ya ofisi zile hakuna aliyepata nafasi ya kuupima ushauri wake dhidi ya ule wa Quesnot, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ushauri huo upo.

Ilichukua robo ya karne watu kuanza kuonyeshwa karatasi zenyewe. Mtafiti mmoja, François Graner, ambaye kazi yake hasa ni fizikia, aliomba kusoma nyaraka za Mitterrand zinazohusu Rwanda. Alikataliwa, akaenda mahakamani, akashindwa, akaendelea. Tarehe 12 Juni 2020 Baraza la Dola la Ufaransa likaamua kwamba aruhusiwe. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 2021, tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert ilimkabidhi Rais Emmanuel Macron ripoti ya karibu kurasa elfu moja. Ilisema haikuona ushahidi kwamba Ufaransa ilishiriki kwa kukusudia mauaji ya kimbari, lakini ikaitwika wajibu mzito usiokwepeka. Ilieleza pia jinsi ofisi ya kijeshi ya Ikulu ilivyopitisha maagizo nje ya njia za kawaida, na kwamba nyaraka nyingine hazikupatikana. Miezi miwili baadaye Macron alikuja Kigali, na pale Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, akakiri wajibu huo.

Jalada moja kati ya yaliyofunguliwa linatugusa moja kwa moja sisi wa kandokando ya Ziwa Kivu. Julai 1994 majeshi ya Ufaransa ya Opération Turquoise yalishikilia eneo la kusini-magharibi mwa Rwanda, na baadhi ya wakuu wa serikali ya mauaji walikimbilia humo, upande wa Cyangugu. Balozi Yannick Gérard aliiandikia Paris kwamba hakuna chaguo ila kuwakamata au kuwaweka chini ya ulinzi hadi sheria ichukue mkondo wake. Jibu la tarehe 15 Julai, lililotoka ofisi ya waziri wa mambo ya nje Alain Juppé na kutiwa saini na Bernard Émié, lilimwagiza atumie njia za mzunguko, bila kujianika, kuwafikishia watu hao ujumbe kwamba Ufaransa inataka waondoke. Wakaondoka, wakavuka kuingia Zaire. Waraka huo ulifichwa miaka 26, na katika muda huo aliyeusaini akapanda hadi kuwa mkuu wa idara ya ujasusi ya Ufaransa.

Gisenyi ndiyo iliyokuwa makao ya mwisho ya serikali ile. Mawaziri walijaa hoteli za ufukweni tangu Juni, na RPF ilipokaribia katikati ya Julai wakavuka na jeshi lao, wanamgambo wao, fedha za benki kuu na silaha zao. Nyuma yao, na mbele yao, walivuka raia. Kwa siku nne au tano hivi watu zaidi ya laki nane walipita katika bariera za Gisenyi wakaingia Goma. Walikaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ardhi ya lava ambayo jembe haliingii. Kipindupindu kilipoanza, maiti zilifungwa mikekani na kupangwa kando ya barabara kwa sababu kaburi halikuweza kuchimbwa kwa mkono, ikabidi matingatinga ya jeshi la Ufaransa yapasue mwamba. Walikufa makumi ya maelfu.

Kambi zikageuka ngome. Waliokuwa wameua walishika orodha za chakula cha msaada, wakauza sehemu yake na kujipanga upya, na usiku walivuka kurudi Rwanda kuua mashahidi na manusura. Novemba 1996, kambi ya Mugunga iliposambaratika, karatasi za biashara yao zikaokotwa ndani ya basi lililotelekezwa. Zilionyesha kwamba kampuni iitwayo Mil-Tec, iliyoandikishwa katika Kisiwa cha Man, iliwauzia silaha za mamilioni ya dola kutoka Albania na Israel, zikashushwa Goma kati ya Aprili na Julai 1994. London ilipochunguza ikagundua kwamba amri ya kutekeleza vikwazo ilikuwa haijafikishwa katika kisiwa hicho. Marufuku ya dunia nzima ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa chini ya taji la Malkia wa Uingereza.

Hadi hapa ni rahisi kusoma, kwa maana wakosaji ni wa mbali au wamekwisha kuhukumiwa. Sasa tugeukie upande wetu.

Kambi zile zilikuwa tishio la kweli kwa Rwanda, wala sitaki mtu alipunguze neno hilo. Serikali ya Kigali iliiambia dunia mara nyingi kwamba kama haitawatenganisha wauaji na wakimbizi, yenyewe itafanya kazi hiyo. Dunia haikufanya. Oktoba 1996 vita vikaanza katika mikoa ya Kivu, mashariki mwa Zaire, na mwanzoni mwa Novemba Goma ikaanguka. Tamko rasmi lilikuwa kwamba hayo ni mambo ya Wazaire wenyewe, kwamba Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, na waasi wa Laurent Kabila wamechoshwa na Rais Mobutu, na kwamba jeshi la Rwanda halimo. Kauli hiyo ilirudiwa kwa miezi. Kisha, tarehe 9 Julai 1997, gazeti la Washington Post likachapisha mahojiano na Paul Kagame, wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi, ambamo alikiri kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita hivyo, na maofisa wake ndio waliokuwa mbele.

Watu wa Gisenyi hawakuhitaji gazeti la Washington. Lakini kati ya Novemba ule na Julai ule yalitokea mambo msituni ambayo yalihitaji mtu wa kuulizwa. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kihutu, wakiwemo wanawake, wazee na watoto ambao hawakuua mtu, walifukuzwa toka kambi hadi kambi, wakapita Tingi-Tingi, wengine wakafika hadi Mbandaka, na wengi waliuawa njiani. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyotaka kuchunguza mwaka 1997 ilizuiwa na Kabila, ambaye sasa alikuwa Rais. Rwanda nayo ilikuwa imeshasema haimo, na aliyesema hayumo vitani hawezi kuulizwa askari wake walifanya nini vitani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003 ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010. Ilipovuja kabla ya siku yake, Kigali ilitishia kuwaondoa askari wake wa kulinda amani Sudan.

Nisieleweke vibaya. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yana jina lake na hukumu zake, na sizipimi maiti kwenye mizani. Ninachosema ni kwamba hati ya Zaire ya Juni 1994 na tamko la Kigali la 1996 zilifanya kazi ya aina moja: kumwondoa kwenye karatasi yule aliyekuwepo. Lengo la pili lilikuwa na haki zaidi kuliko la kwanza, sana. Lakini chombo kilichotumika hakikujua tofauti ya malengo, na waliokufa chini ya kivuli chake hawakupata mahali pa kushtakia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio cha 1996 kilikuja kufichuka baada ya miaka kumi na minne.

Mwenye kudhani kwamba hayo ni ya zamani akumbuke Januari 2025. Waasi wa M23 waliingia Goma tarehe 27. Mabomu kutoka ng'ambo yakaanguka Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, raia wakauawa na nyumba zikabomoka. Siku mbili baadaye Wazungu karibu 300 walivuka bariera wakiwa na mabegi mgongoni, wakakaguliwa mbele ya kamera na kupandishwa mabasi kwenda Kigali. Walikuwa mamluki, wengi wao kutoka Romania, walioajiriwa upande wa serikali ya Kongo na ambao Kinshasa ilikuwa imezoea kuwaita wakufunzi. Wakongo waliokuwa wakilipa kodi zao waliwajua watu hao kwa idadi yao siku ile, katika picha zilizopigwa Gisenyi. Kinshasa hiyohiyo ilikana kushirikiana na FDLR, kundi lenye mizizi yake katika wauaji wa 1994, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakiandika ripoti moja baada ya nyingine kuonyesha ushirikiano huo.

Wataalamu haohao, katika ripoti yao ya Julai 2024, walikadiria kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa Kivu Kaskazini pamoja na M23. Kigali imesema kila mara kwamba ilichofanya ni hatua za kujihami mpakani. Februari 2025, Rais Kagame alipoulizwa na CNN kama askari wa Rwanda wako Kongo, alijibu kwamba hajui. Ni Amiri Jeshi Mkuu. Mwezi huohuo Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773 likilitaka jeshi la Rwanda liondoke Kongo, na tarehe 27 Juni mawaziri wa nchi hizo mbili wakatia saini mkataba Washington, ambamo Rwanda iliahidi kuondoa hizo hatua za kujihami na Kongo ikaahidi kuimaliza nguvu FDLR.

Wapo watakaonijibu kwamba vita havipiganwi hadharani, na kwamba nchi ndogo iliyozungukwa na maadui ikisema kila kitu itakufa. Hoja hii naiheshimu, hasa ikitoka kwa mtu aliyepoteza ukoo mzima mwaka 1994. Siku ya shambulio ni siri halali. Jina la mpelelezi ni siri halali, na njia ya askari usiku pia. Ila kuwepo kwa jeshi katika nchi ya watu, kwa miezi na miaka, kwa fedha za umma, na idadi ya vijana wanaokufa huko, hayo ni mambo ya umma kwa asili yake. Gazeti la The Guardian lilichunguza picha za satelaiti za makaburi ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, na kuona makaburi mapya kwa mamia tangu M23 ilipofufuka. Familia iliyozika pale ina haki ya kuambiwa kijana wao alifia nchi gani na kwa amri ya nani. Adui hafaidiki kitu mama huyo akiambiwa, kwa sababu adui ndiye aliyekuwa upande wa pili wa bunduki.

Wala hatuhitaji kubuni utaratibu mpya. Katiba ya Rwanda inasema Rais akitangaza vita analiarifu Bunge ndani ya siku zisizozidi saba, na Bunge linapiga kura. Hicho ni kifungu kizuri, kilichoandikwa na watu walioona nchi ikiangamizwa na maamuzi ya wachache chumbani. Lakini serikali ikishasema haimo vitani, siku hizo saba hazianzi kuhesabiwa, na mbunge anayetoka Rubavu, ambaye madirisha ya nyumbani kwao yanatikisika kwa mizinga ya Goma, hana hoja ya kusimama nayo.